Kusahihisha na Kutuma Upya: Dhana Mbili Zisizofaa Kuchanganywa

Katika maandishi ya mawasiliano ya data, maneno "kurekebisha makosa" hutumiwa kwa mambo mawili yaliyo mbalimbali. Makala haya yanakusudia kuyatenganisha, kwani istilahi moja ikibebeshwa dhana mbili, mwanafunzi huzikosa zote.

Data husafirishwa kwa biti, yaani tarakimu 0 na 1. Njiani, vurugu za umeme huweza kuigeuza 0 ikawa 1. Kwa hiyo mtumaji huongeza biti ya ukaguzi. Kwa mfano, 1011 ina tarakimu 1 mara tatu. Huongezwa 1 nyingine ili idadi iwe shufwa: 10111. Mpokeaji akihesabu akapata witiri, hujua kwamba pana hitilafu, lakini hajui iko wapi. Na biti mbili zikigeuka pamoja, hagundui lolote. Huku ni kutambua hitilafu tu.

Baada ya kutambua, njia ni mbili. Katika ya kwanza, mpokeaji hupeleka stakabadhi kwa kila fungu lililofika salama. Stakabadhi isipofika kwa muda uliowekwa, mtumaji hulipeleka fungu lile tena. Kwa kuwa stakabadhi yenyewe huweza kupotea, data hutiwa namba, lisije fungu moja likapokewa kuwa mawili. Itifaki ya TCP hufuata msingi huu. Hapa mpokeaji hatengenezi kitu. Huku twakuita kutuma upya.

Njia ya pili ilielezwa na Richard Hamming wa Marekani mwaka 1950. Biti 4 za data huambatana na 3 za ukaguzi, zilizopangwa hata zikaonyesha mahali pa biti moja iliyoharibika. Mpokeaji huigeuza mwenyewe. Huku ndiko kusahihisha.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kimekwenda mbali hata ujumbe kwenda na jibu kurudi huchukua zaidi ya saa 40. Anayepokea habari zake hawezi kutegemea kutumiwa upya. Hana budi kusahihisha.

Twapendekeza basi: kutambua hitilafu, kusahihisha, kutuma upya, na stakabadhi. Hili la mwisho twalipendelea kuliko "jibu", maana jibu laweza kuwa la kukataa, bali stakabadhi hushuhudia kwamba mzigo umepokewa.