DAFTARI LA MBUNGE: KURA ZAKE, HOTUBA ZAKE NA MASWALI YAKE

Mbunge huchaguliwa kwa siku moja, lakini hutumika kwa miaka 5. Siku ile moja mwananchi ana sauti yake mwenyewe mkononi. Siku nyingine zote sauti hiyo amemkabidhi mtu mwingine aende nayo Nairobi. Kwa hiyo ni haki ya kila mpiga kura, tena ni wajibu wake, kujua sauti yake hutumiwa namna gani.

Watu wengi humpima mbunge kwa mambo yanayoonekana kwa macho: harambee aliyohudhuria, mazishi aliyofika, karo aliyosaidia kulipa. Hayo ni mambo mema, lakini si kazi ya kwanza aliyotumwa. Kifungu cha 95 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 chaeleza kwamba Bunge la Taifa huwawakilisha watu, hutunga sheria, hugawa fedha za taifa, na huichunguza Serikali. Kazi hizo hufanyika ndani ya ukumbi, mbali na macho ya kijiji. Hata hivyo huacha alama tatu ambazo mtu yeyote aweza kuzifuata, nazo ni kura, hotuba na maswali.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sauti ya mwananchi nayo ni mali, na daftari lake lipo.

TAARIFA RASMI YA BUNGE

Daftari hilo ni taarifa rasmi iitwayo Hansard, ambamo maneno yote yanayosemwa ukumbini huandikwa. Jina hilo ni la mpiga chapa mmoja wa London, Thomas Curson Hansard, aliyechapisha mijadala ya Bunge la Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19. Kabla ya hapo wabunge wa nchi ile hawakupenda kabisa maneno yao yatangazwe. Mwaka 1771 Meya wa London, Brass Crosby, alitiwa kifungoni kwa sababu alimlinda mpiga chapa aliyetoa habari za Bunge. Na hata mijadala ilipokwisha kuruhusiwa kuchapishwa, ilichukua muda mrefu mpaka majina ya waliopiga kura yakatolewa. Baraza la Wakilishi la Uingereza lilianza kutoa orodha rasmi ya majina hayo mwaka 1836. Inafahamika wazi, basi, kwamba haki ya kujua nani amekubali na nani amekataa haikuletwa na wabunge kwa hiari yao, ilidaiwa.

Hapa Kenya, Baraza la Kutunga Sheria lilikutana kwa mara ya kwanza mwaka 1907, wala Mwafrika hakuketi ndani yake mpaka mwaka 1944, Eliud Mathu alipoteuliwa. Mwezi wa Machi, 1957, Waafrika wa Kenya waliwachagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza, nao walikuwa 8. Mwaka 1974 Kiswahili kiliruhusiwa kutumika Bungeni, na leo Katiba yataja lugha rasmi za Bunge kuwa Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Asemaye kwa Kiswahili huandikwa kwa Kiswahili. Kifungu cha 118 chaagiza Bunge lifanye shughuli zake wazi, na vikao vya Bunge pamoja na vya kamati zake viwe wazi kwa watu wote.

KURA ZA NAMNA MBILI

Yafaa ifahamike kwamba si kila kura huandikwa kwa jina. Mambo mengi Bungeni huamuliwa kwa sauti. Spika huwauliza wanaokubali waseme, kisha wanaokataa waseme. Husikiliza, halafu hutangaza upande ulioshinda. Kura ya namna hii ni ya haraka, lakini haiachi jina hata moja kitabuni. Mbunge aweza kwenda kijijini na kusema kwamba alipinga, na hapana mtu wa kumsadikisha wala wa kumkanusha.

Kura ya pili ni ile ya kuhesabiwa. Wabunge wa idadi iliyowekwa na kanuni wakisimama kuidai, au sheria yenyewe ikiilazimisha, kengele hulia, wabunge huitwa, na kila mmoja hupiga kura yake kwa kifaa cha ukumbini au kwa kuitwa jina. Matokeo huandikwa pamoja na majina: waliokubali, waliokataa, na waliojizuia. Ikiwa mbunge anaupinga mswada kwa dhati, moja ya dalili zake ni kwamba yumo miongoni mwa wanaosimama kuidai kura ya majina.

Tena mswada mmoja hupigiwa kura mara kadhaa. Katika Kusomwa kwa Mara ya Kwanza hutajwa tu. Katika Kusomwa kwa Mara ya Pili wabunge hujadili shabaha yake, kisha huamua uendelee ama uishie hapo. Baadaye Kamati ya Bunge Zima huupitia kifungu kwa kifungu na kuurekebisha, na mwisho hufika Kusomwa kwa Mara ya Tatu. Atakaye kumjua mbunge wake lazima aangalie hatua zote hizo. Yuko anayeukubali mswada kwa jumla lakini hupigania kuondoa kifungu kinachowaumiza watu wake. Yuko pia anayeusema vibaya mswada mzima, kisha siku ya kifungu haonekani.

Mfano ulio wazi ni Mswada wa Fedha wa mwaka 2024, uliohusu kodi. Tarehe 20 Juni wabunge 204 waliukubali katika Kusomwa kwa Mara ya Pili, na 115 waliukataa. Tarehe 25 Juni, katika Kusomwa kwa Mara ya Tatu, waliokubali walikuwa 195 na waliokataa 106. Siku hiyo waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, na watu walipoteza maisha. Kesho yake Rais alitangaza kwamba hataweka sahihi yake. Orodha ya majina ilikuwa imekwisha kuenea nchini kote kwa simu za mkononi, na wananchi wengi walisoma kwa mara ya kwanza jina la mbunge wao likiwa karibu na neno moja tu: ndiyo au la.

Ukizilinganisha hesabu hizo, utaona kwamba kwa muda wa siku 5 jumla ya kura za pande mbili ilipungua kutoka 319 hadi 301. Msomaji wa orodha, basi, asitafute jina la mbunge wake siku ya mwisho peke yake. Aulize pia: mara ya pili alikuwa wapi?

ASIYEKUWEPO NAYE AMEAMUA

Jambo hili la kukosekana lina uzito zaidi pale Katiba inapodai idadi maalumu. Bunge la Taifa lina wabunge 349 bila kumhesabu Spika, ambaye hana kura. Kuibadili Katiba kwahitaji thuluthi mbili ya wabunge wote, yaani kura 233, wala si wingi wa waliohudhuria.

Mwaka 2016 uliletwa mswada wa kutimiza sharti la Katiba kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya viti. Mara ya kwanza ulipata kura 195 za kuukubali. Mara ya pili 178. Waliosimama kuupinga walikuwa wachache sana, lakini mswada ulianguka. Mwaka 2019 mswada wa namna hiyo ulianguka tena, kwa kuwa wabunge waliotakiwa hawakutimia. Mtu akisoma orodha ya waliokataa tu, atadhani kwamba karibu Bunge zima lilitaka sheria hiyo. Kumbe walioiangusha hasa ni wale ambao majina yao hayapo popote.

Haifai, hata hivyo, kumhukumu mtu kwa siku moja. Mbunge huweza kuwa mgonjwa, amefiwa, au ametumwa na Bunge lenyewe. Kukosa siku moja si kosa. Kukosa kila siku ya jambo zito ni tabia. Katiba yenyewe, katika Kifungu cha 103, husema kwamba mbunge akikosa vikao 8 katika kipindi kimoja cha Bunge bila ruhusa ya Spika iliyoandikwa, wala asitoe sababu ya kuridhisha, kiti chake huwa wazi.

HOTUBA: UZITO, SI WINGI

Tangu mwaka 2005 kumekuwako raia wa Kenya waliojitolea kufuata kazi za wabunge na kuzitangaza, chini ya jina la Mzalendo. Kila mwaka shirika hilo huhesabu mara ambazo kila mbunge amesema, kama ilivyoandikwa katika Hansard. Kazi hiyo ina faida kubwa, maana huonyesha mara moja yule ambaye hakufungua kinywa mwaka mzima.

Lakini hesabu hutaka kusomwa kwa akili. Kiongozi wa Wengi na wenyeviti wa kamati husema mara nyingi kwa sababu ya vyeo vyao. Mwingine husimama mara 20 kukatiza maneno ya wenzake, na mwingine husimama mara moja kueleza bei ya majani chai ya watu wake mpaka kamati ikatumwa kuchunguza. Tena kazi nyingi ya Bunge hufanyika katika kamati, si ukumbini. Taarifa za kamati hutaja majina ya waliohudhuria, nazo zafaa kusomwa pamoja na Hansard.

MASWALI

Swali ndilo chombo cha mbunge cha kuishika Serikali mkono. Kwa Katiba ya 2010 mawaziri hawawi wabunge, na kwa miaka kadhaa maswali yalijibiwa kupitia kamati. Tangu mwaka 2023, baada ya kanuni kurekebishwa, mawaziri hufika ukumbini kujibu.

Swali jema hutaja mahali, fedha na wakati: daraja fulani, kiasi kilichotengwa, na tarehe ya kumalizika. Swali la jumla hupata jibu la jumla. Na baada ya jibu, angalia kama mbunge alirudi tena kuuliza ahadi ilipopita muda wake. Hapo ndipo hujulikana aliyeuliza kwa ajili ya watu na aliyeuliza kwa ajili ya magazeti.

NAMNA YA KUFUATA

Kikundi cha watu wachache, mathalani chama cha akina mama au cha wakulima, chaweza kufanya kazi hii kwa daftari la shule. Kwanza, wachague mambo 5 au 6 yanayowahusu hasa, kama kodi, mazao, ardhi au afya. Kufuata yote hakuwezekani. Pili, wachore safu 4: tarehe, jambo, kura ya mbunge, na alichosema au kuuliza. Pasipokuwa na kura ya majina, waandike kwamba iliamuliwa kwa sauti. Asipokuwepo, waandike hivyo. Tatu, mmoja wao mwenye simu asome Hansard katika mtandao wa Bunge. Taarifa isipopatikana, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 humruhusu raia kuiomba, na ofisi hutakiwa kuamua kwa muda usiozidi siku 21. Pia Kifungu cha 119 humpa kila mtu haki ya kupeleka ombi lake Bungeni.

Mwisho, mbunge ajapo kijijini asomewe daftari hilo kwa heshima, naye apewe nafasi ya kueleza. Huenda akawa na sababu njema ambayo haikuandikwa. Mbunge mwenye bidii hataliogopa daftari, kwa kuwa litamshuhudia mbele ya watu wanaomsema bure. Na yule mwingine, akijua kwamba kuna watu wanaoandika, atafikiri mara mbili kabla kengele ya kura haijanyamaza.