Punguzo lenye kazi ndani yake

Baiskeli ya milimani iliyoagizwa mtandaoni huwa nafuu kuliko ya dukani yenye gia na breki za daraja lile lile, na sababu yake haina siri: hakuna mwenye duka wa kukatiwa fungu. Kwa hesabu hiyo Canyon ya Koblenz, Ujerumani, ilikua kutoka familia ya Arnold iliyouza vipuri kwenye tela, hadi kampuni inayompelekea mnunuzi boksi mlangoni. YT Industries ya Forchheim na Commencal ya Andorra nazo zikajenga jina kwa mauzo hayo.

Ila mwenye duka alikuwa na kazi. Alikukalisha juu ya baiskeli mbili tatu, akakaza bolti, na gia zilipoanza kurukaruka baada ya wiki kadhaa alizirekebisha. Ukinunua mtandaoni kazi hizo zinahamia kwako, na punguzo ndilo ujira wake.

Saizi ndiyo huwaumiza wengi. M ya kampuni moja yaweza kuwa L ya nyingine, na fremu za siku hizi ni ndefu kuliko za miaka kumi iliyopita. Anayeagiza kwa kukumbuka baiskeli yake ya zamani huishia kuufikia usukani kwa kujinyoosha. Umoja wa Ulaya humpa mnunuzi siku 14 za kubadili nia. Mkazi wa Moshi, hata akipewa siku hizo, nauli ya kurudisha boksi itameza akiba yote. Na alishalipa VAT, asilimia 18 Tanzania (Kenya ni 16), inayokokotolewa juu ya bei, usafirishaji na ushuru kwa pamoja.

Kisha fundi. Wa mtaani kwetu hunyoosha rimu ya baiskeli ya Phoenix kwa jicho tu, nami namvulia kofia. Breki za mafuta ni habari nyingine: za Shimano hutumia mafuta ya madini, nyingi za SRAM hutumia mafuta ya breki ya DOT kama ya gari, na ukikosea, mipira ya ndani huvimba na breki kufa. Kuna pia kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia kihamisha-mnyororo cha nyuma, kilichotengenezwa kikunjike ili fremu ipone. Zamani karibu kila fremu ilikuwa na chake. Mwaka 2019 SRAM ilileta cha aina moja, UDH, na kampuni nyingi zimekikubali. Fremu isiyo nacho singeiagiza. Ukikivunja Arusha, utatembea kwa miguu mwezi mzima.

Dhamana nayo hudumu kadiri muuzaji anavyodumu. Baada ya msisimko wa kununua baiskeli wakati wa korona, maghala yalijaa. Oktoba 2023 kampuni ya Signa Holding ilisitisha ahadi ya euro milioni 150 kwa tawi lake la michezo, na Wiggle pamoja na Chain Reaction, maduka makubwa ya mtandaoni ya Uingereza yaliyokuwa chini ya tawi hilo, yakaingia kwenye ufilisi. Kampuni ya Frasers ilinunua majina yao. Julai 2025 YT nayo ikaomba ulinzi wa mahakama.

Anayejua saizi yake na mwenye fundi wa breki aagize. Anayeanza aende kwa wauza mitumba ya Ulaya na Japani: ataipanda, ataizungusha uwanjani, atasikia mnyororo unavyolalamika. Asioneshe tu kwamba ameitambua fremu nzuri, bei itapanda hapo hapo.