Tiketi ya Ghorofani: Lini Inalipa?

Nyumba za kale za Marekani zilizogeuzwa makumbusho huuza tiketi kwa madaraja, na za bei ya juu hutangazwa kwa maneno matamu: ya faragha, ya wageni maalumu. Usinunue maneno. Uliza ni vyumba gani hasa utavikanyaga.

Monticello, Virginia

Kwa Thomas Jefferson, rais wa tatu, ukilipa zaidi unapanda kweli. Pasi nafuu inakupa bustani na maonyesho; tiketi ya kati inakutembeza vyumba vya chini na mwongozo; ya juu inaongeza ghorofa mbili zilizobaki, kwa kundi dogo na muda mrefu zaidi.

Lakini Jefferson mwenyewe alilala chini, kitanda chake kikiwa kwenye uwazi wa ukuta kati ya chumba cha kulala na cha kuandikia. Aliyefuata habari zake ameshashiba kwa tiketi ya kati. Juu waliishi binti yake Martha na wanawe. Huko madirisha yako chini karibu na sakafu, kwani Jefferson alitaka nyumba ionekane kwa nje kama haina ghorofa. Kileleni kuna chumba cha kuba: pembe nane, kuta za manjano, sakafu ya kijani, madirisha ya duara. Pamoja na uzuri wote huo, familia haikukitumia sana.

Kisa ni ngazi. Zina upana wa inchi 24, yaani sentimita 61 hivi, na zimesimama wima. Watumwa wa ndani walizipanda na kuzishuka wakiwa na mizigo mikononi. Ukizipanda mikono mitupu utaelewa. Mwenye kiti cha magurudumu au magoti mabovu asitupe pesa hapa. Nayo ziara ya kueleza utumwa shambani humo, pamoja na chumba cha maonyesho kuhusu mtumwa Sally Hemings kilichofunguliwa 2018, haidai tiketi ya ghorofani.

Mount Vernon, Virginia

Kwa George Washington, vyumba vya kulala vya ghorofani kwa kawaida vimo katika ziara ya ndani, bila kulipia daraja la juu. Kasoro ni ukarabati mkubwa wa miaka ya karibuni, ambao umekuwa ukifunga baadhi ya vyumba. Ulizia vilivyo wazi siku ile unayokwenda.

Graceland, Memphis

Nyumba ya Elvis Presley ilifunguliwa kwa wageni 1982, miaka mitano baada ya yeye kufia humo. Ghorofani, kwenye chumba chake, hapauzwi kwa bei yoyote. Tiketi za wageni maalumu zinakupunguzia foleni na kukuongezea maonyesho, si ngazi. Ya kawaida inatosha.

Hesabu ya mfukoni

Bei hupanda na kushuka kwa msimu, kwa hiyo linganisha tofauti, si bei yenyewe. Tuseme ghorofani kunaongeza dola 30 kwa kichwa: watu wanne ni dola 120. Familia yenye watoto wadogo iache, watachoka kabla ya kuba. Mpenzi wa ujenzi, au anayetaka kujua familia kubwa ilivyobanana juu ya kichwa cha mwenye nyumba, alipie Monticello, tena aweke nafasi mapema, maana makundi ni madogo na hujaa.