Mafuta ya Karai na Magari ya Gongo la Mboto

Mtu asimamaye Gongo la Mboto, Dar es Salaam, jioni, kando ya barabara itokayo uwanja wa ndege kwenda Pugu, huona malori na magari ya abiria yakipita kwa kishindo, yakitoa moshi mweusi unaowapata usoni wauza nyanya na watoto watokao shule. Na hatua chache kutoka hapo huona makarai ya chipsi, mihogo na samaki yakichemka juu ya majiko ya mkaa, mafuta yake yakiwa yamegeuka rangi ya kahawa kwa kutumiwa siku baada ya siku. Karai na lori havionekani kuwa na nasaba. Mimi naamini vinayo, na kwamba mafuta yale yaliyochoka, ambayo madaktari hawapendi tuyarudie kwa kukaangia, yaweza kuwa chakula cha injini zipitazo mbele yake.

Wazo hili si geni. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyepewa hataza ya injini yake mwaka 1893, alisimulia baadaye jinsi injini ya namna hiyo ilivyoendeshwa kwa mafuta ya karanga katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, kwa matakwa ya Serikali ya Ufaransa, iliyokuwa ikiyatazama makoloni yake ya Afrika yenye karanga tele. Mwaka 1937 mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Brussels, G. Chavanne, alipata hataza ya kuyageuza mawese ya Kongo kuwa mafuta mepesi ya injini, na mwaka uliofuata basi la abiria likayatumia kati ya Brussels na Louvain. Basi la abiria, wala si chombo cha maabara! Mawese ya asili ile ile wanayoungia mboga ndugu zetu wa Kigoma yaliwabeba abiria kabla ya Vita Kuu ya Pili, kisha petroli ya bei nafuu ikaufunika uvumbuzi huo kwa miongo mingi.

Mafuta ya mimea yakimiminwa kama yalivyo katika injini za siku hizi, zinyunyizazo mafuta kwa vitundu vyembamba mno, huzisonga kwa uzito wake. Hayana budi kwanza kulainishwa. Chembe moja ya mafuta hayo ni mfano wa kitana chenye meno matatu, ambacho mgongo wake ni gliserini na meno yake ni minyororo mirefu ya asidi. Mtengenezaji huyachuja mafuta yatoke makombo, huyapasha moto yakauke maji, kisha huyakoroga pamoja na methanoli, ambayo ni jamaa ya spiriti, iliyoyeyushwa ndani yake kostiki soda ya watengeneza sabuni. Methanoli huyang'oa meno yale mgongoni, na kila jino hujishikiza nayo. Mchanganyiko ukiachwa utulie, gliserini nzito huzama chini, na juu hubaki kimiminika chepesi cha manjano, nacho ndicho bayodizeli. Kwa makadirio, kilo 100 za mafuta na kilo 10 za methanoli hutoa kilo 100 za bayodizeli na kilo 10 za gliserini. Lakini nasihi yangu ni kwamba mtu asijaribu jambo hili jikoni kwake, maana methanoli ni sumu ipofushayo macho, na hushika moto upesi.

Faida yake ya kwanza kwa mtu wa kando ya barabara ni pumzi. Bayodizeli ina oksijeni ya asilimia 11 hivi ya uzito wake, na karibu haina kibiriti kabisa, kwa hiyo huungua kwa ukamilifu zaidi na kutoa masizi machache. Hewa ya ukaa itokayo katika bomba la gari ni ile ambayo mmea uliivuta angani majuzi tu ulipokuwa shambani, ilhali dizeli ya visimani hufufua ukaa uliozikwa ardhini tangu dahari. Fauka ya hayo, hulainisha pampu ya injini, na haishiki moto mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 100, jambo la heri kwa anayeitunza ghalani. Ikichanganywa kwa sehemu 20 katika 100 za dizeli, aghalabu injini haihitaji kubadilishwa chochote.

Iko pia haja ya kujitegemea. Dizeli yetu yote huletwa kwa meli. Na mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei, Serikali yetu ililazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi.

Upungufu upo. Lita ya bayodizeli ina nguvu pungufu kidogo, hula mipira ya magari ya zamani, na hukwangua uchafu wa tangi hata ukaziba chujio siku za mwanzo.

Ama lililo zito ni ardhi, na somo lake liko karibu nasi, kwa kuwa barabara hii hii ikishapita Pugu hufika Kisarawe. Watu wa pwani waujua mbono, mti wa mbegu za mafuta, tangu zamani: hupandwa uwe ua wa boma na alama ya kaburi, kwa sababu mbuzi haugusi, kwa sumu yake. Miaka ya 2000 ulimwengu uliushangilia mti huu kana kwamba umeshuka jana. Ikasemwa kuwa hustawi hata pakavu, na mbegu zake zitajaza matangi ya Ulaya. Kampuni ya Kiingereza, Sun Biofuels, ilipata zaidi ya hekta 8,000 katika ardhi ya vijiji 11 vya Kisarawe, kwa miaka 99. Na huko Kilwa kampuni ya Kiholanzi, Bioshape, ilipata hekta 34,000 hivi. Ile ya Kilwa ilifilisika mwaka 2010, na mwaka uliofuata kazi za Kisarawe zikasimama, vibarua wakarudi majumbani mikono mitupu, na wanavijiji wakabaki hawana mbono wala mahali pao pa kuokota kuni. Mbono hustawi pakavu, ni kweli. Lakini kustawi si kuzaa, na bila maji na mbolea mbegu zake ni haba. Mwaka 2010 Serikali ilitoa mwongozo wa nishati hizi, baada ya maji kumwagika.

Kwa ajili hiyo sioni sababu ya kumnyang'anya mkulima shamba la mihogo ili gari lipate kunywa. Mafuta yaliyokwisha kukaanga hayadai shamba wala mvua, maana yamekwisha kutulisha mara moja. Wenzetu wa Kenya wameona thamani ya mafuta ya namna hii: mwaka 2022 shehena ya kwanza ya mafuta ya mimea ya mradi wa kampuni ya Kiitalia, Eni, ilisafirishwa kutoka huko hadi Gela, Sisilia, na mafuta ya kukaangia ya mahoteli ya Nairobi yakaanza kukusanywa. Hapa kwetu mkaanga chipsi, akishafunga kazi usiku, huyamwaga yaliyobaki mtaroni. Na masika yakinyesha, utando wake hufuata maji kuteremka bonde la Msimbazi, mto utokao vilima vya Pugu, mpaka baharini.