Usitupe Sweta ya Sufu Iliyorudi

Wewe unayelima Kinangop, Ol Kalou, Molo au Timboroa huna haja ya kuelezwa habari za baridi. Wauona mvuke wa kinywa chako alfajiri unapokwenda kukama, na waijua sakitu ya Januari ambayo huchoma viazi kwa usiku mmoja. Mengi ya mashamba yaliyogawanywa tangu Mpango wa Ekari Milioni ulipoanza mwaka 1962 yako juu milimani, na huko sweta ni chombo cha lazima, kama jembe na ndoo ya maziwa.

Sasa fikiri jambo hili, ambalo limetokea katika nyumba nyingi. Mama amekwenda sokoni. Binti yake, kwa kutaka kusaidia, achukua sweta nzito ya baba, aitia katika maji ya moto, aisugua kwa sabuni na kwa nguvu zake zote, kisha aianika karibu na jiko. Jioni sweta ya baba yamwenea mtoto wa miaka minane.

Usimpige binti huyo. Aliifua sweta kama alivyofundishwa kufua shati la pamba, wala hakuna aliyemwambia kwamba sufu ina desturi zake. Wala usiitupe sweta. Mara nyingi yaweza kunyoshwa, ikiwa utafanya kazi kwa subira.

KWA NINI SUFU HURUDI

Unywele mmoja wa kondoo ukitazamwa kwa hadubini waonekana kuwa na magamba madogo, kama samaki, yote yameelekea upande mmoja. Ukiutia katika maji ya moto yenye sabuni, magamba hufunguka. Ukisugua, nywele husogea na kushikana, na kwa sababu ya magamba yale haziwezi kurudi nyuma kwa urahisi. Kila unaposugua zaidi, ndivyo zinavyozidi kukazana. Wamongolia hufanya hivyo kwa makusudi, wapate kitambaa kizito cha kufunikia mahema yao. Wewe hukutaka hema, ulitaka sweta.

Basi kumbuka mambo matatu yanayoharibu sufu: moto, kusuguliwa, na sabuni kali. Magadi ni adui yake pia, na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe ni adui mkubwa kuliko wote, kwa maana huila sufu yenyewe.

KWANZA, JUA KAMA NI SUFU

Sweta nyingi za shule siku hizi hazikutengenezwa kwa sufu bali kwa akriliki, ambayo ni nyuzi za kiwandani. Soma kibandiko kilichoshonwa ndani. Kama kimepotea, chomoa uzi mfupi kwenye mshono wa ndani, uushike kwa koleo juu ya kisahani, uuwashe kwa kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, huzimika upesi, na majivu yake husagika kwa vidole. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Maelezo yafuatayo ni ya sufu.

NAMNA YA KUINYOSHA

1. Pima mwenye sweta. Chukua kamba, uzungushe kifuani, ufunge fundo. Kisha upime urefu wa mkono na wa mgongo, ukifunga fundo kila mara. Kama una sweta nyingine inayomwenea vizuri, ilaze juu ya gunia safi uchore umbo lake kwa chaki.

2. Tia lita tano za maji vuguvugu katika karai. Yapime kwa kiwiko, kama unavyopima maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Koroga humo vijiko viwili vikubwa vya dawa ya kulainishia nywele, au shampuu ya mtoto. Dawa hii huzifanya nywele za sufu ziteleze zipate kuachana.

3. Zamisha sweta, uiache nusu saa. Usiisugue wala usiigeuzegeuze.

4. Itoe kwa kuiinua kutoka chini kwa mikono miwili. Ukiishika mabegani tu, uzito wa maji utaivuta vibaya. Ibinye maji yatoke, usiikamue kwa kuisokota. Usiisuuze bado. Ilaze juu ya taulo kavu, uikunje pamoja na taulo kama mkeka, uikanyage kwa magoti.

5. Itandaze juu ya lile gunia. Sasa vuta kidogo kidogo: kwanza upana wa kifua, kisha urefu, kisha mikono, mwisho shingo. Kazi hii yafaa watu wawili, mmoja kila upande, na hapa bwana wa nyumba asijifanye kuwa na kazi nyingine. Msivute kwa ghafula, kwa maana uzi uliokatika haurudi. Haba na haba hujaza kibaba.

6. Ikifika kwenye alama, ishikize kwenye gunia kwa uzi na sindano, mishono mikubwa pembeni mwote. Pini zafaa pia, lakini ziwe zisizoshika kutu. Iweke kivulini penye upepo. Baada ya saa chache, ifungue uivute tena, uishikize upya. Katika baridi yetu yaweza kuchukua siku mbili kukauka. Dawa iliyobaki itatoka utakapoifua mara nyingine.

Usitazamie miujiza mara ya kwanza. Ukipata vidole viwili vya upana, shukuru, urudie kazi hiyo juma lijalo.

IKIWA IMELEGEA AU IMEPOTOKA

Sweta nyingine haikurudi, bali imerefuka kwa kuanikwa kwenye kamba ikiwa imejaa maji. Iloweshe katika maji vuguvugu, uibinye, uilaze, kisha uisukume kwa viganja kuelekea ndani mpaka ifike kipimo, uiache ikauke hapo hapo. Ncha za mikono zikilegea, tumbukiza ncha hizo peke yake katika maji ya moto, uzikusanye kwa vidole, uzikaushe. Hapa ule moto uliokuwa adui unakufanyia kazi.

Viwiko vilivyotokeza, na alama ya msumari uliotundikia sweta, huondoka kwa mvuke. Weka kitambaa kibichi juu yake, ukaribishe pasi ya moto bila kuikandamiza, kisha usawazishe kwa kiganja. Usijaribu hivyo kwa akriliki: ikipata moto mwingi hulegea na haishiki umbo tena.

IKIWA IMESHINDIKANA

Itazame kwa makini. Kama macho ya ufumaji hayaonekani tena, na kitambaa kimekuwa kizito na kigumu, sufu imeshikana kabisa, na hakuna dawa itakayoifungua. Lakini hata hapo una mali mkononi. Kama mwenenda mtoto mdogo, mpe. Kama haimwenei mtu, ikate kwa mkasi. Sufu iliyoshikana hivyo haifumuki hata ikikatwa, kwa hiyo yafaa sana kwa soli za kutia ndani ya viatu vya mpira, kofia ya mtoto mchanga, kitambaa cha kuepulia sufuria, au glavu za yule anayepeleka maziwa kabla ya jua kutoka.

KUFUA KUANZIA LEO

Waite watoto wote, wavulana kwa wasichana, uwaonyeshe: maji vuguvugu, sabuni kidogo isiyo kali, kubinya bila kusugua, kusuuza kwa maji ya joto lile lile, kulaza kivulini mbali na jiko. Kisha mwache yule binti aliyeharibu sweta ya baba afue inayofuata, wewe ukiwa umekaa kando. Siku nyingine ukiwa sokoni, hutakuwa na wasiwasi na karai.