Michongo ya Wasan: mawe yaliyopata msemaji

Katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, yamo mawe ya kale yaliyochongwa picha za wanyama na Wasan, wakazi wa tangu jadi wa kusini mwa Afrika. Yamehifadhiwa katika makumbusho ya Origins Centre, yaliyofunguliwa mwaka 2006.

Kwa muda mrefu wasomi wengi walidhani kazi za aina hiyo ni pambo tu, au kumbukumbu za uwindaji. Profesa David Lewis-Williams wa chuo hicho alipinga dhana hiyo. Katika kitabu alichotoa mwaka 1981, alisema kuwa picha za Wasan zinahusu dini.

Ushahidi wake ulitokana kwa sehemu na maneno ya Wasan wenyewe. Miaka ya 1870, mjini Cape Town, Wilhelm Bleek na shemeji yake Lucy Lloyd waliandika simulizi za Wasan wa jamii ya ǀXam, baadhi yao wakiwa wafungwa. Madaftari yao yana zaidi ya kurasa 10,000. Lugha hiyo sasa imekufa.

Simulizi hizo, pamoja na za Wasan wa Kalahari, zinaonyesha kuwa pofu, swala mkubwa kuliko wote, aliaminika kuwa na nguvu za kiroho. Mganga aliyecheza ngoma hadi kuzirai alisemekana "amekufa", mfano wa mnyama aliyepigwa mshale wa sumu. Hata hivyo, si wataalamu wote wanaokubali kuwa kila picha ina maana hiyo.

Dini ya Mithras, iliyoenea katika dola ya Kirumi hadi karne ya 4, haikupata bahati hiyo. Kuanzia Uingereza hadi Syria yamepatikana mabamba ya mawe yanayomwonyesha Mithras akimchoma fahali kisu, huku mbwa, nyoka na nge wakimzingira. Waumini wake, wengi wao askari, walikutana kwa siri, na hakuna kitabu chao cha dini kilichosalia. Wengine husema fahali huyo ni ishara ya nyota. Wengine, ya uhai mpya. Ubishi haujaisha.

Nchini Tanzania, michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na baadhi ya maeneo yake bado hutumika kwa matambiko. Huko wenye kujua wangali hai. Jiwe huweza kungoja miaka elfu, mzee hawezi.