Tauni ya Amwas na Baraza la Sargh

Tauni iliyoikuta dola changa ya Kiislamu huko Sham haikuwa ngeni katika nchi ile. Iliingia katika milki ya Warumi kupitia Pelusium, Misri, mwaka 541, na tangu hapo ikawa inarudi mara kwa mara. Waarabu waliporithi miji ya Sham, waliirithi na tauni yake.

Mnamo 638 au 639 Khalifa Umar bin Khattab alisafiri kwenda Sham. Alipofika Sargh, mpakani mwa Hijaz na Sham, makamanda wakamlaki na habari kwamba maradhi yamezuka, yale yaliyokuja kuitwa tauni ya Amwas kwa jina la mji wa Palestina. Hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina, waliohama kutoka Makka, wakahitilafiana. Akawaita Ansari, wenyeji wa Madina waliowapokea, nao vilevile. Wazee wa Kikureshi ndio waliokuja na kauli moja: rudi na watu. Umar akakubali. Abu Ubaida bin Jarrah, kamanda wa Sham, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akampa mfano wa mchunga ngamia bondeni, upande mmoja una malisho na wa pili mkavu. Popote atakapolisha, amelisha kwa kadari ya Mungu. Ndipo Abdulrahman bin Auf akaleta Hadithi ya Mtume: penye tauni msiingie, na ikiwakuta mlipo msitoke kwa kuikimbia.

Wanaodhani Waislamu wa mwanzo walikaa tu kungoja kifo wausome mjadala huu. Ni kweli kwamba Abu Ubaida alibaki na askari wake hadi akafa. Akafuata Muadh bin Jabal, naye akafa. Lakini Amr bin Aas, aliyeshika uongozi baada yao, akawatawanya watu milimani, na maradhi yakapungua. Leo tunajua kwamba tauni huenezwa na viroboto wa panya, na panya hustawi penye maghala ya nafaka na msongamano wa watu. Milimani havikuwepo vyote viwili.

Chini ya makhalifa wa Bani Umayya desturi ya kuhama iliendelea, lakini kwa wenye uwezo. Gavana wa Misri, Abdulaziz bin Marwan, aliihama Fustat akakaa Hulwan. Khalifa Hisham alipendelea Rusafa, jangwani, kuliko Damascus. Maskini wa Basra, mji uliopigwa vibaya mwishoni mwa karne ya 7, hakuwa na kasri la kukimbilia. Alichokuwa nacho ni mafundisho kwamba Mwislamu afaye kwa tauni ni shahidi, na naamini mafundisho hayo yaliwafanya wengi wabaki kuuguza na kuzika ndugu zao.